Unyayo Mmoja wa Maji

Bi Dorcas Aldous alifika nyumbani kwa kasisi wa Stowbury saa tatu na nusu asubuhi, Jumatatu ya katikati ya Agosti 1871, viatu vyake vimejaa vumbi jeupe la barabara ya Somerset. Jambo la kwanza aliomba maji ya kunywa. La pili alikataa kiti.

"Nimetembea maili nne, Kasisi. Nikikaa sasa hivi nitasinzia. Nieleze hivihivi nimesimama."

Kasisi Ambrose Lusted alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye mbawakawa mia tatu waliochomwa pini ndani ya masanduku ya kioo kuzunguka chumba chake cha kusomea. Alimtazama mgeni wake kama alivyowatazama wadudu ambao bado hajawajua jina.

"Nilimwandikia mkuu wa polisi aniletee sajini."

"Sajini anatafuta farasi aliyeibwa. Halafu barua yako ilisema mshukiwa ni msichana. Kituoni wanawake nawapekua mimi, mwaka wa kumi na moja huu. Mume wangu ni konstebo, anajua kukamata. Mimi najua kutafuta. Haya, huyo mzuka wenu."

"Si mzuka," Kasisi alisema upesi. "Ndiyo hoja yangu. Ni Thirza Mabbutt, mtumishi wa ndani. Leo saa tisa alasiri anarudi kwao, na harudi na barua ya tabia njema kutoka kwangu."

Bi Aldous aliweka bilauri chini. Msichana wa kazi akitoka nyumba ya kasisi bila barua, hakuna mlango utakaomfungukia kuanzia hapo hadi Bristol, si wa mbele si wa nyuma. Atachimba viazi vya watu mpaka mgongo upinde.

"Basi tuna saa tano na nusu. Yametokea mambo mangapi?"

"Manne. Nimeyaandika."

Alikuwa ameyaandika kweli, kwenye daftari la wadudu, pamoja na saa na hali ya hewa. Tarehe nne Julai, saa ya chai, dirisha la sebule likiwa wazi, komeo la lango la bustani liliinuka lenyewe, lango likafunguka lote, likajifunga, hakuna mtu. Tarehe kumi na tatu, walipotoka kwenye chai, walikuta ukumbini, juu ya sakafu ya mawe, unyayo wa mguu mtupu, mbichi kwa maji. Mmoja tu. Mvua ilikuwa haijanyesha siku tisa. Tarehe ishirini na sita, kitu kizito kiliburutwa ngazini juu yao: kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, kikanyamaza. Na Ijumaa iliyopita, kitasa cha chumba cha zamani cha watoto, kilichofungwa kwa ufunguo miaka ishirini, kilizunguka nusu, polepole, kikarudi.

"Yote mchana?"

"Yote saa ya chai."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi. Dada yangu Euphemia, anayeniendeshea nyumba. Bwana Gascoyne, kasisi msaidizi wangu, isipokuwa mara moja aliposafiri. Mpishi alikuwa jikoni."

"Na Thirza?"

"Hapo ndipo penyewe." Kasisi aligonga daftari kwa kidole. "Kila tulipotoka kuangalia, Thirza tulimkuta pale tayari. Langoni. Juu ya unyayo. Ngazini. Mlangoni. Mara nne kati ya nne, Bi Aldous! Mdudu akikutwa mara nne juu ya jani lilelile, mimi nasema ndiye anayelila."

"Huo unyayo mliufuta?"

"Kuufuta!" Kasisi alivuta droo akatoa karatasi kwa fahari. "Niliuchora kabla haujakauka. Ukubwa wake halisi. Nilizunguka kila kidole kwa penseli."

Bi Aldous aliitazama ile karatasi kwa muda. Aliigeuza upande wa mwanga, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni bila kuomba.

"Mtu mwenye daftari ni mtu mzuri sana, Kasisi," alisema. "Hata akiwa amekosea."

*

Thirza Mabbutt alikuwa uani, magotini, anasugua vidato vya mlango wa nyuma. Alikuwa msichana mpana wa mabega, na brashi ilikwenda kana kwamba jiwe limemtukana mama yake.

"Mimi ni Bi Aldous wa kituo cha polisi. Vua viatu."

"Nini?"

"Viatu na soksi. Nataka kuona miguu."

Thirza aliketi kwenye kidato akavua, huku anamtazama yule mama toka kofia hadi pindo la gauni. "Hata kama mimi ndiye mzuka, mama, umeona wapi mzuka mwenye sugu kama hizi?"

Ilikuwa miguu mipana, vidole vimeachana kama vya bata.

"Viatu umeanza kuvaa lini?"

"Nilipokuja kazini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani jozi ilikuwa moja, ya kaka."

"Hao wa sebuleni wanasema unawatisha."

"Nikitaka kuwatisha nitawapandisha darini waone ninapolala. Joto la huko mwezi huu, mtu anaungama hata ambayo hajatenda."

"Kwa nini ulikuwa pale kila mara?"

"Kwa sababu nilisikia. Unyayo tu ndio niliouona nikipita."

"Wao pia walisikia."

"Basi waulize walifanya nini." Thirza alivuta soksi juu. "Mimi mbona nimeshajibu."

Bi Aldous aliangua kicheko kifupi, kisha akakinyamazisha. "Vaa. Na sanduku lako usilifunge bado."

"Limeshafungwa, mama. Halikuwa na mengi."

*

Jikoni, Bi Noakes mpishi alikuwa anatandaza unga wa pai. Alijua kila kitu na hakuhitaji kuulizwa.

"Mzuka? Mzuka wa nyumba hii ni makaa ya mawe, mwenzangu. Julai! Ndege wanahema kwa joto, mimi napika dirisha wazi, na chumba cha kushonea juu kinakula ndoo nzima ya makaa kila siku mbili. Na mishumaa! Jua halizami mpaka saa mbili za usiku, mishumaa ya nini?"

"Anashona nani huko?"

"Bi Euphemia. Anasema kifua kinambana. Anavuta mapazia saa sita mchana, anajifungia, hatoki mpaka chai. Sasa mtu mwenye kifua anakaa na moshi? Lakini mimi ni nani, mimi ni wa kukanda unga."

"Umewahi kuona alichoshona?"

Bi Noakes aliacha kukanda. "Unajua," alisema polepole, "miezi miwili hii sijaona hata leso."

Bi Aldous alitoka akaenda langoni. Rangi ya kijani juu ya komeo ilikuwa imechubuka mstari mmoja mwembamba, kama uliokatwa na wembe, na kwenye msumari wa nguzo ulining'inia uzi mweusi wenye urefu wa kidole. Uzi mnene wa kushonea vifungo. Akaangalia mchubuko ulikokuwa unaelekea. Ulielekea dirisha la sebule.

Kasisi alimfuata kwa haraka, kofia mkononi. Alipouona ule uzi uso ulimng'aa.

"Thirza ana kibunda kizima cha uzi huo! Ndiye anayeshona vifungo vya kanzu zangu. Nilikuambia."

"Uliniambia. Thirza hunywa chai sebuleni pamoja nanyi?"

"La hasha."

"Basi aliyeuvuta huu alikuwa amekaa kwenye kiti chako kimoja kizuri. Bwana Gascoyne yuko wapi?"

*

Bwana Gascoyne alikuwa na miaka ishirini na sita, miwani minene, na masikio yaliyoiva kabla hajaulizwa swali. Chini ya kitanda chake Bi Aldous alikuta matoleo tisa ya Krismasi ya majarida ya London, yamesomwa mpaka yamelegea. Alifungua moja, kisha la pili. Yalijaa hadithi za mizuka, kama ilivyo desturi ya Krismasi.

"Naweza kueleza," alisema Bwana Gascoyne.

"Eleza. Maana ningekuwa natafuta mtu wa nyumba hii anayejua kutisha watu, ningesimama hapahapa."

"Mimi? Mimi ni wa kutishwa tu! Ndiyo raha yake." Alikaa kitandani, aibu ikamtoka, akawa kama mtu anayeeleza mchezo wa kriketi. "Kuna namna yake, unajua. Kwanza anayesimulia awe mtu mkavu. Mwanasheria, mpimaji ardhi. Asiwe mtu wa kuona mambo, ili akiyaona umwamini. Pili, chai."

"Chai?"

"Chai, mkate, habari za bei ya kondoo. Kitu cha kila siku. Ukianza na makaburi msomaji ameshajikaza. Ukianza na mkate na siagi, amelegea. Halafu kije kitu kidogo. Kidogo sana, mtu aweze kusema ni upepo. Halafu mwache asubiri. Kikirudi kiwe karibu zaidi. Na kisionekane chote! Kikionekana chote ni mtu tu aliyevaa shuka."

"Kama jino," alisema Bi Aldous.

"Samahani?"

"Jino linaanza hivyo. Jumatatu unahisi kitu. Jumanne hakipo. Jumatano unakula upande mmoja bila kujua kwa nini."

"Ndiyo!" Bwana Gascoyne alimtazama kwa heshima mpya. "Hasa!"

"Tarehe kumi na tatu Julai ulikuwa wapi?"

"Bath. Dada yangu aliolewa. Watu mia moja na ishirini waliniona nikikanyaga shela yake."

"Na Ijumaa, kitasa kilipozunguka? Mlikisikia, mkafanya nini? Usinipambie."

Masikio yaliiva tena. "Hatukufanya kitu. Kililia, tukabaki vile tulivyokuwa. Mimi nilikuwa na kisu cha siagi hewani. Kasisi kikombe kilikuwa mdomoni, hanywi. Hakuna aliyepumua."

"Bi Euphemia?"

"Alikuwa anatazama saa yake. Ile ndogo ya kifuani. Maskini, nadhani ilikuwa hofu."

"Alishika nini mkono wa pili?"

"Kazi yake ya mkono tu. Anafuma kila wakati wa chai." Bwana Gascoyne aliinua macho. "Ana uzi magotini daima."

*

Bi Aldous alikwenda kukaa kwenye benchi la bustani na kipande cha mkate na jibini alichopewa na mpishi. Jua lilikuwa zuri, nyuki walikuwa kazini, na yeye hakuwa na haraka tena. Alitandaza karatasi ya mchoro juu ya goti, na pembeni yake akaandika tarehe.

Kati ya lango na unyayo siku tisa. Kati ya unyayo na ngazi kumi na tatu. Kati ya ngazi na kitasa kumi na sita. Kila mara kusubiri kulirefuka. Na kila mara kitu kilisogea: bustanini, ukumbini, ngazini, mlangoni. Ila kilipungua. Lango zima, kisha unyayo mmoja, kisha vidato vitatu, kisha nusu ya mzunguko wa kitasa.

Hilo la mwisho ndilo alilolitafuna pamoja na jibini. Mtu anayetaka kuwafukuza wenzake nyumbani huzidisha vishindo. Huyu alikuwa anavipunguza. Hakutaka waondoke. Alitaka kuona ni kidogo kiasi gani kinatosha.

Halafu kulikuwa na makaa ya Julai. Shemeji yake Enoch alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji Bristol, na kila Septemba alikuja kula kwao huku anaimba nyimbo za Krismasi, kwa sababu wiki nzima alikuwa anapanga theluji na kengele za kanisa. Toleo la Krismasi lazima lichapwe mapema lifike kila mji. Mwandishi wake basi anaandika theluji wakati watu wanaokota zabibu mwitu, na anatakiwa kuiposti kabla Agosti haijaisha.

Bi Aldous alipangusa makombo, akapanda juu.

Alibisha chumba cha kushonea, akaingia kabla hajajibiwa. Joto lilimpiga usoni kama tanuri la mwokaji. Moto uliwaka, mapazia mazito yalifungwa, mshumaa mmoja ulisimama mezani, na nyuma yake alikaa Bi Euphemia Lusted, mama wa makamo, mnyoofu, funguo kiunoni na shali ya sufu mabegani. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alifunika karatasi zake kwa kitambaa cha meza.

"Nina kifua," alisema.

"Kifua hakiogopi jua, Bi." Bi Aldous alivuta mapazia yote mawili, akafungua dirisha, akaweka mchoro wa Kasisi juu ya kile kitambaa. "Angalia kidole cha pili. Kimepanda juu ya kile kikubwa. Hicho hakizaliwi hivyo, hicho kinatengenezwa na viatu vyembamba, toka utotoni, miaka arobaini. Thirza vidole vyake hata havisalimiani. Huu ni mguu wa bibi."

Bi Euphemia akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nivue viatu?"

"Usijisumbue. Nimepekua miguu mia nne, naijua hata ikiwa ndani ya viatu. Niambie tu, kwa nini mmoja?"

"Kwa sababu miwili ni mtu aliyetoka kuoga." Macho ya Bi Euphemia yalipata uhai. "Mmoja ni swali."

"Na saa?"

"Nilitaka kujua mtu hushika pumzi muda gani. Mhariri wangu aliniandikia kwamba mzuka wangu wa mwaka jana ulifika ukurasa wa pili, na wasomaji wakaenda kulala salama salimini. Salama salimini, Bi Aldous! Ikabidi nijifunze upya. Ambrose anashika sekunde tisa. Mpishi kumi na nne, mlango wa jikoni ukiwa wazi nimwone. Bwana Gascoyne nilihofia nitamwua. Lakini yule Thirza ananiharibia kila kitu. Hasubiri! Wote tumeganda, yeye ameshainuka ameenda kuangalia."

"Ndiyo," alisema Bi Aldous. "Ndiyo maana mlimkuta pale mara nne."

Nje, brashi ya Thirza ilisikika juu ya jiwe.

"Ningemtafutia pa kwenda," Bi Euphemia alisema. "Nina rafiki Taunton. Ningemwandikia."

"Kwa siri. Na huku Stowbury nzima inajua Thirza ni mwongo. Umekaa hapa unajipikia joto ili uandike baridi, na binti wa watu ameshafunga sanduku."

"Hujui unaloniomba." Bi Euphemia aliondoa kitambaa. Juu ya ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa cha hadithi, jina lilikuwa Meja Garrick Stroud. "Ambrose anamsoma Meja kwa sauti kila Krismasi, miaka minane sasa. Amemwandikia barua tatu. Meja anaombwa maoni yake juu ya roho, juu ya siasa, juu ya wadudu. Mimi naombwa funguo ziko wapi."

Bi Aldous alikuwa na watoto wanne nyumbani nao walimuuliza vilevile, vitu viko wapi.

"Nimesikia," alisema. "Bado saa tisa ni saa tisa. Ukisema wewe, itakuwa hadithi nzuri. Nikisema mimi itakuwa ripoti ya polisi, na mimi sina ufundi wa kuandika."

*

Alisema wakati wa chakula cha mchana, kati ya nyama baridi na pai ya matofaa. Aliweka haradali chini akasema, "Ambrose, mzuka ni mimi. Lango, unyayo, ngazi na kitasa. Nilitumia uzi, na mara moja mguu. Thirza hana kosa lolote. Na Meja Stroud pia ni mimi."

Bwana Gascoyne alidondosha uma. Kasisi alimtazama dada yake kwa muda mrefu kuliko sekunde tisa.

"Haiwezekani," alisema. "Meja Stroud hana mkono wa kushoto."

"Nilimkata mimi, mwaka wa sitini na sita. Ulikuwa unamwalika kila Pasaka. Ilibidi nimpe sababu ya kutosafiri."

"Nilimwombea! Nililiombea lile bega kanisani!"

"Nakumbuka. Nilikuwa nimepiga magoti mstari wa mbele."

Polepole, mabega ya Kasisi yalianza kutikisika, na Bwana Gascoyne alidhani analia mpaka alipomsikia akicheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hakuzoea. Kilipoisha alijifuta macho, akaona Bi Aldous hacheki hata kidogo.

"Thirza," Kasisi alisema.

"Ndiyo," alisema Bi Aldous. "Wa kwanza wa kuombwa radhi ni Thirza."

Aliitwa. Aliingia amevaa kofia yake, utepe umefungwa kidevuni, sanduku mkononi. Kasisi alisimama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa daftari aliomba radhi kwa tarehe: ya tarehe nne, ya tarehe kumi na tatu, ya tarehe ishirini na sita, ya tarehe kumi na moja. Thirza alisikiliza zote nne.

"Nashukuru, Kasisi. Na barua?"

"Barua ya nini, binti? Unabaki."

"Naomba barua. Na niisome kabla hujaifunga."

Aliiandika palepale, sahani zikiwa mezani. Thirza aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari: mwaminifu, safi, hodari, hana woga. Aliikunja akaitia kifuani.

"Sasa naondoka vizuri," alisema. "Gari la mchukuzi linapita saa tisa. Msinielewe vibaya, hakuna kinyongo. Ila nyumba iliyoniona mwongo mara nne, ya tano iko njiani. Kwa barua hii nitapata kazi hata Bath."

Bi Euphemia ndiye aliyeinuka. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Una haki," alisema. "Sikuombi ubaki. Nakuomba dakika ishirini. Watu wote wa nyumba hii wamenipa pumzi zao isipokuwa wewe. Nataka uisikie, uniambie kama haifai."

"Hadithi?"

"Hadithi."

Thirza alitazama saa ya ukutani. "Sebuleni sikai. Nisomee jikoni."

Basi wote walihamia jikoni, Kasisi na mbawakawa wake mmoja aliyemsahau mfukoni, Bwana Gascoyne na miwani yake, Bi Noakes na mikono ya unga, na Bi Aldous na kipande cha pai, maana kazi ilikuwa imekwisha na pai ilikuwa nzuri. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Jua lilijaa sakafuni mpaka miguuni mwa meza. Thirza hakuketi. Alisimama karibu na mlango, sanduku mkononi.

Bi Euphemia alisoma bila kupamba. Ilikuwa habari ya mkaguzi wa shule, mtu wa hesabu na vumbi la chaki, aliyezuiwa na theluji kwenye nyumba ya mkulima na mkewe. Jioni ya kwanza walikula supu ya viazi. Mezani kulikuwa na viti vinne, na wao walikuwa watatu. Mkaguzi hakuuliza, kila nyumba ina kiti cha ziada. Jioni ya pili walikula supu ileile, wakazungumza juu ya bei ya nyasi kavu. Kile kiti kilikuwa kimesogea upande wake, kiasi cha upana wa kiganja. Akasema moyoni, mama mwenye nyumba alifagia.

Bi Noakes aliacha kupangusa mikono.

Jioni ya tatu hakuna aliyesogeza kitu. Mkaguzi alikuwa amekaa chumbani mchana kutwa akiangalia. Mkulima alikata mkate. Mkewe alipakua. Wakaweka sahani ya nne, wakaijaza, wala hawakutazamana. Kiti kilikuwa karibu kiasi kwamba mkono wa koti lake uliugusa ubao wake wa pembeni.

Bi Aldous alikuwa na pai mdomoni na haitafuni.

"'Mimi ni mtu wa kupima,'" alisoma Bi Euphemia. "'Nilijiambia, kiti ni mbao, na mbao huguswa. Wenyeji wangu walikuwa wameinamisha vichwa juu ya supu. Nikanyoosha mkono polepole, nikauweka juu ya kikalio. Kilikuwa na joto.'"

Alinyamaza.

Hakuna aliyesogea. Nyuki aliingia mlangoni, akazunguka, akatoka. Thirza Mabbutt alikuwa amesimama palepale, mdomo wazi kidogo, na sanduku lilikuwa sakafuni. Lini aliliweka chini hakuna aliyeona. Bi Euphemia alikuwa na saa kifuani na hakuikumbuka.

"Halafu?" alisema Thirza.

"Bado sijaandika."

"Hujaandika!" alipiga kelele Kasisi.

"Mungu akusamehe, Bi," alisema mpishi.

"Nani alikuwa amekaa?" Thirza alipiga hatua mbili mbele. "Ile sahani, walimwekea nani? Wanamjua! Yule mke anamjua!"

Nje, magurudumu yalisimama barabarani, na mchukuzi akaita kwa sauti ya mtu mwenye njaa, "Mabbutt! Kuna abiria hapa?"

"Hakuna!" Thirza alijibu bila kugeuza kichwa. "Utamaliza lini, Bi?"

"Ijumaa," alisema Bi Euphemia. "Nikijitahidi, Ijumaa."

"Ijumaa." Thirza alifikiri. Kisha aliinua mikono kidevuni akaanza kufungua utepe wa kofia. "Na barua yangu inabaki kwangu."